Mtoto Kapiga Hatua

Wiki iliyopita niliwaacha sebuleni kwa dada yangu, watu wanacheka na kufutana machozi, na mimi nimesimama katikati yao kifua mbele kama nimeshinda uchaguzi. Kwa wale ambao jirani aliwawahi kulichukua gazeti, nawapa kwa kifupi.

Mimi ni mshereheshaji. Kazi yangu ni kushika kipaza sauti kwenye harusi za watu na kusema nani aingie, nani akae, nani akate keki. Dada yangu ni fundi cherehani. Ana binti mmoja tu, tunamwita Kipa kwa sababu ndiye analinda goli la timu ya wasichana shuleni kwao, na shingoni mwa huyo binti kulitokeza uvimbe ambao haukutaka kuondoka.

Siku ya majibu dada alifika mlangoni kwa daktari akashindwa kuvuka kizingiti. Akaniambia, "Ingia wewe, wewe ndiye mwenye mdomo." Nikaingia na mdomo wangu. Masikio niliyasahau nje.

Daktari, mama mmoja mwenye sauti ya chini, aliniambia ni saratani ya mitoki, yale matezi ya shingoni. Akasema wameikuta iko hatua ya pili. Sasa mimi katika kazi yangu hatua ya kwanza ni maharusi kuingia ukumbini, na ya pili ni watu wameshakaa, vinywaji vinapita, mambo yanakwenda. Nikamshika daktari mkono kwa mikono miwili, nikamwambia, "Hongera sana."

Akanitazama. Nikadhani ananionea aibu kwa sifa.

Nikaenda nyumbani nikatangaza, "Ni ile tuliyoiogopa, ndiyo. Lakini msilie! Mtoto kapiga hatua. Yuko ya pili tayari!"

Mlionipigia simu wiki nzima kunitukana, nawashukuru, mmesoma kwa makini. Ila matusi mengine yawekeni akiba. Hamjasikia ya wiki hii.

Pale sebuleni aliyekuwa hacheki ni mmoja tu, Kipa mwenyewe. Alinivuta mkono wa shati.

"Mjomba, njoo unishikie kamba ya nguo."

Tukatoka nyuma ya nyumba. Kamba ilikuwa imefungwa barabara, haikuhitaji mtu.

"Umesema nini mle ndani?"

"Nimesema umepiga hatua."

"Nani kapiga hatua?"

"Wewe."

"Mjomba," akasema pole pole, kama mtu anayemwamsha mlevi. "Anayepiga hatua ni ugonjwa. Siyo mimi."

Nilitafuta mahali pa kukaa. Nikakalia beseni la nguo zilizolowekwa. Niliyasikia maji yanaingia kwenye suruali, nikabaki humo humo na mashati ya wateja wa dada.

"Umejuaje?"

"Mama alikwenda kukaa kwenye benchi, mimi nikabaki mlangoni. Nimemsikia daktari. Nikakusikia na wewe unampa hongera."

"Ngoja nikawaambie." Nikainuka na beseni likainuka na mimi kidogo kabla halijaachia. Kipa akanikamata ukosi.

"Usithubutu. Sikiliza kwanza."

Nikasikiliza. Kutoka dirisha la jikoni ulikuwa unasikika mlio wa kijiko kwenye sahani.

"Huyo ni Mama," akasema. "Tangu uvimbe utokeze hajamaliza sahani. Mwache ale."

"Lakini Kipa..."

"Niahidi, mjomba."

Nikaahidi. Mimi huyu, niliyewahi kumpongeza bwana harusi hadharani kwa mimba ambayo wazazi wa bibi harusi hawakuwa na habari nayo. Mtoto mgonjwa alinikabidhi siri, na mimi nikaipokea kama mtu mzima, huku natona maji.

Kesho yake nilirudi kwa daktari peke yangu.

"Wewe ndiye uliyenipa hongera," akasema hata sijakaa.

"Ndiye mimi. Nimekuja kuichukua."

Hakucheka, lakini alivuta kiti karibu, akanieleza taratibu kama ninavyowaeleza wazee wa kamati za harusi. Akasema hatua ziko nne. Ya kwanza ugonjwa uko mahali pamoja. Ya pili umesogea kwa jirani yake. Ya tatu umehama mtaa. Ya nne umesambaa mwilini. Kipa yuko ya pili, umri wake ni mdogo, na saratani ya aina ile ni katika zile zinazosikia dawa.

"Wengi wa hatua hii wanapona," akasema. "Lakini dripu ya dawa ianze Jumatatu. Isisogezwe. Na mama mzazi aje mwenyewe akubali. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"Haya, niambie nilichosema."

Nikasimama nikarudia yote, mikono nyuma, kama mtoto wa chekechea. Nilipokosea ya tatu akanirudisha mwanzo. Muuguzi aliyekuwa pembeni alilazimika kutoka nje kwenda kucheka.

Nilitoka pale na furaha na woga vimechanganyikana, sikujua nishike kipi. Kipa sikumrudia na lile somo. Yeye ndiye aliyenisahihisha mimi, nilimwona anajua kuliko nyumba nzima, na nilishatia aibu ya kutosha. Nikaona nikae kimya nilivyoahidi. Maishani mwangu nimenyamaza mara chache sana, na ile ndiyo niliyoichagua.

Dada nilimpa habari ya dripu tu, nikategemea kwamba atampeleka mtoto Jumatatu, dripu itaanza, na kosa langu litapita kimya kimya bila mtu kuumia.

Kumbe dada alikuwa na hesabu zake.

Nilimkuta kwenye cherehani, chumba cha mbele, marundo ya sare za shule yamemfika kiunoni. Alikuwa anaimba. Dada yangu kuimba ni jambo la kuogopesha hata siku za kawaida.

"Jumatatu tutaondoka saa ngapi?" nikamuuliza.

"Kwenda wapi?"

"Kwenye dripu."

"Dripu ya nini?" Akakata uzi kwa meno. "Mteja wangu mmoja ameniambia ile dripu inatoa nywele, inatapisha, mtu anakonda mpaka mifupa inahesabika. Nimtie mtoto kwenye mateso hayo wakati anapona mwenyewe? Fikiria. Kafika ya pili bila dripu yoyote."

"Dada, daktari alisema..."

"Daktari ana kazi yake na mimi nina yangu. Nguo hukatwa kwanza. Halafu hushonwa. Halafu pasi, basi, imekwisha. Mwanangu ameshashonwa. Kabaki pasi tu."

Nikageuka kumtafuta Kipa anisaidie. Alikuwa amesimama mlangoni na rundo la sare mikononi, amezipiga pasi zote bila kuambiwa. Siku zile alikuwa mtoto wa ajabu. Anamchana bibi yake nywele, anampikia mama yake chai, anafua hata nguo zangu. Nikadhani ugonjwa umemtia adabu.

"Kipa, mwambie mama yako," nikasema.

"Mama yuko sahihi," akasema. "Tusiende."

Akanikazia macho. Nikajua anamaanisha ahadi yetu. Nikawa kama mtu aliyejifungia kabatini na ufunguo akampa mtoto.

Mngekuwa ninyi mngesema pale pale, najua. Mimi nilisema, "Haya, ngoja niwaache mpumzike," nikaondoka, nikaenda kwenye kazi yangu ya Jumamosi, nikawaambia watu wazima wacheze, na wakacheza.

Jumapili mchana tulikula pamoja. Baba yake Kipa hakuwepo, shemeji yangu ni dereva wa malori ya masafa marefu na alikuwa mpakani kwenye foleni. Tulikuwa dada, Kipa, mimi, na mama yetu sisi, yaani bibi yake Kipa, ambaye sala ya chakula hamwachii mtu.

Tukainamisha vichwa. Bibi akaanza.

"Ee Mungu, tunakushukuru kwa chakula. Tunakushukuru kwa mtoto huyu. Ulimkuta kwenye hatua ya kwanza, ukamtoa, ukamfikisha ya pili. Sasa Mungu wangu usichoke."

Nikafumbua jicho moja.

"Mfikishe ya tatu, Baba! Mfikishe ya nne! Mfikishe ya tano na ya sita, mpaka ya kumi, na kila mtu aone!"

"Amina!" akasema dada kwa sauti kubwa.

Nilikuwa nimeweka maji mdomoni. Yale maji yalibadili njia. Nilikohoa mpaka sahani zikatikisika, na moyoni naomba na mimi mbio mbio, Mungu nakuomba sana, huyu mama leo usimsikilize, anasema asiyoyajua. Sijui kama kuna mwanadamu mwingine aliyewahi kushindana na mama yake mzazi mezani, kila mmoja anamvuta Mungu upande wake.

Kipa alikuwa amefunika uso kwa viganja. Mabega yanatikisika. Nikaona anacheka, na mimi kicheko kikanishika pua, nikaongeza kikohozi kukifunika.

"Huyu naye apelekwe kwa daktari," Bibi akasema.

Pale nilipoacha kukohoa ndipo nilipoona aibu ya kweli. Jumatatu ni kesho. Mtoto hapelekwi popote, na sababu ni mimi. Watu wanne tumekaa mezani, mmoja anaombewa mabaya na wanaompenda kuliko wote duniani, na maneno ya sala hiyo niliyatunga mimi.

Nikaamua nivunje ahadi.

Dada alikuwa amerudi kwenye cherehani, shule zinafunguliwa na wazazi wanamsumbua. Nikavuta kigoda. Nikakohoa. Nimeongea mbele ya kumbi zilizojaa mpaka milangoni, nimeongea umeme ukiwa umekatika, nimewahi kuongea saa nzima kumngoja bwana harusi aliyekimbia. Lakini pale mbele ya dada yangu mwenye sindano mdomoni ulimi uligoma.

"Dada. Kwanza kabisa, itifaki ikiwa imezingatiwa..."

Akacheka mpaka sindano zikamdondoka. "Umekunywa?"

"Sijanywa. Nina neno."

"Sema basi, nina sare za darasa zima hapa."

"Ile hatua ya pili."

"Ee."

"Siyo mtoto anayepanda, dada. Ni ugonjwa ndio unapanda. Mimi sikuelewa. Nilielewa vibaya nikawatangazia."

Mguu wake haukusimama. Uliendelea kukanyaga, cherehani ikaendelea kwenda, kitambaa kikaisha chini ya sindano, na bado ikawa inashona hewa.

"Rudia," akasema.

Nikarudia. Mara hii cherehani ikasimama.

"Na ya tatu?"

"Mbaya zaidi."

"Na mama yetu leo ameomba..."

"Ndiyo."

"Na mimi nimesema Amina."

"Ulisema. Mimi nilikohoa."

Akachukua bakuli la vifungo akanitupia. Nikainama, lakini kazi yangu ni ya kusimama, si ya kukwepa. Lilinipata sikioni na vifungo vikatawanyika chumba kizima. Nikapiga magoti kuviokota kwa sababu sikujua nifanye nini kingine. Baada ya kitambo na yeye akashuka chini akawa anaokota. Tukawa tunatambaa chini ya meza kama tulivyokuwa watoto, yeye analia na mimi nalia, na nyie mnaonijua kwa machozi ya ukumbini, yale ya kuaga bibi harusi, haya hayakuwa hayo.

"Nani mwingine anajua?" akaniuliza chini ya meza.

Nikajaribu kutafuta uongo. Nilikuwa nimeishiwa.

"Kipa."

"Tangu lini?"

"Siku ile ile. Yeye ndiye aliyeniambia mimi. Akaniapisha nisiseme, kwa sababu wewe umeanza kula."

Dada akakaa sakafuni.

"Kwa hiyo wiki nzima mwanangu amekuwa ananitazama nikila," akasema. "Ninakula, naongeza, naimba. Na yeye ananitazama."

Nikamweleza yote ya daktari, kwamba ni ya pili tu, kwamba inasikia dawa, kwamba wengi wanapona lakini dripu isisogezwe. Alisikiliza kila neno. Kisha akajifuta uso kwa sare ya mtoto wa watu, akasimama.

"Kesho tunakwenda. Nenda kamwambie ajiandae."

"Mimi tena?"

"Nani mwingine? Mimi nikimwona sasa hivi nitaanguka."

Kipa alikuwa chumbani, mlango umefungwa kwa ufunguo. Nikagonga.

"Umemwambia," akasema kwa ndani.

"Umejuaje?"

"Cherehani imenyamaza."

Nikainama kwenye tundu la ufunguo.

"Uliahidi, mjomba."

"Niliahidi."

"Wewe ni redio."

"Nakubali. Tena redio mbovu, haina hata pa kuzimia. Kipa, mama yako anasema kesho tunakwenda."

"Mimi siendi."

"Ni kwa ajili ya nywele? Nitazame mimi. Upara haujaniua."

"Wewe upara wako ni wa uzee."

"Asante."

"Siyo nywele, mjomba. Mnataka nini? Nitapike, nikonde, nilale kitandani nimeshikiliwa na mpira wa dripu, halafu iwe vile vile? Bora nibaki hapa na ninyi. Mama ale, Bibi aombe, mimi nikae. Kwani ni vibaya?"

Sauti yake ilikuwa tulivu mno. Ningepata ugomvi ningeupenda zaidi. Nikaegemea mlango nikatoa vyote nilivyonavyo. Nikaomba, nikabembeleza, nikatumia sauti ya kuwainua wageni waliolewa ili waende makwao. Hakuna. Mlango haukufunguka. Nikabaki napayuka tu, maneno yanatoka bila mimi kuyachagua.

"Mshukuru Mungu basi, mtoto wa dada yangu. Mshukuru kwamba hamsikilizi bibi yako. Ingekuwa ya tatu, au hiyo ya nne yenyewe, hapo hata mimi ningekuwa sina la kusema. Lakini ya pili! Daktari mwenyewe..."

Ufunguo ukazunguka. Mlango ukafunguka kidogo, nikaona jicho moja.

"Ya ngapi?"

"Ya pili."

"Hapana. Umesema ipo ya tatu na ya nne."

"Ndiyo."

"Zile za Bibi?"

"Siyo za Bibi, za daktari. Bibi alibahatisha tu."

"Kwani ziko ngapi, mjomba?"

"Nne."

Akafungua mlango wote. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi.

"Mimi nilijua ziko mbili."

"Nani kakuambia mbili?"

"Nani aniambie? Humu ndani kuna mtu ananiambia kitu? Mnanipikia, mnaniombea, mnaniambia nimepiga hatua." Sauti ikaanza kumpasuka. "Kwenye ligi yetu ziko mbili. Kuna hatua ya makundi, halafu kuna ya mtoano. Ya pili ni mtoano. Ukifungwa pale unarudi nyumbani, hakuna ya tatu. Nikajua nimeshafungwa."

Ndugu zangu, nilikaa chini bila kuangalia kama kuna beseni.

Mabega yaliyokuwa yanatikisika wakati wa sala hayakuwa ya kicheko. Chai, pasi, nywele za Bibi, nguo zangu zilizofuliwa, haikuwa adabu. Mtoto alikuwa anatuaga, mmoja mmoja, na mimi nilipokea shati langu safi nikalivaa nikaenda nalo kazini.

"Kipa. Daktari anasema wengi wa hatua hii wanapona. Hivyo hivyo, kwa maneno yake. Wengi wanapona."

"Lini alisema?"

"Kesho yake ya yale majibu. Nilirudi kumuuliza. Alinisimamisha nikarudia kama mtoto mdogo."

"Wiki nzima unajua."

"Nilidhani unajua."

"Watu wote wa mjini umewaambia mambo yao," akasema, "mimi hukuniambia."

Ningetamani anitupie bakuli lingine la vifungo. Hakunitupia kitu. Alishuka taratibu na mgongo ukutani mpaka akakaa, magoti kifuani, akaanza kulia. Alilia kwa sauti, kama mtoto aliyepotea sokoni. Tangu uvimbe utokeze sikuwahi kumwona analia.

"Mbona sasa unalia?" nikamwambia, mjinga mimi. "Hii ndiyo habari nzuri."

"Mjomba, nilikuwa nimeshamaliza kuogopa," akasema. "Sasa inabidi nianze upya."

Nina maneno ya kufungua sherehe na ya kufunga. Ninayo ya kuziba pengo keki ikichelewa. Kwa hilo sikuwa nalo hata moja. Nilimshika mguu tu, kidole gumba, kwa sababu ndicho kilichokuwa karibu.

Dada alikuwa amesimama nyuma yangu kwenye korido, sijui tangu lini. Akanipita. Akakaa chini upande wa pili wa mwanawe, akamvuta kichwa akakiweka begani.

"Kesho twende," akamwambia. "Mimi na wewe. Twende wote tunaogopa hivi hivi. Sawa?"

Kipa hakujibu. Alikuwa ananitazama mimi, na nikaona wazi kuna jambo jingine.

"Kuna kitu nimefanya," akasema.

"Kitu gani?"

"Jana nimempigia Baba. Mpakani."

Dada akainua kichwa. "Umemwambia nini baba yako?"

"Nimemwambia awahi."

"Awahi nini?"

Kabla hajajibu madirisha yakaanza kutetemeka. Kwanza nikadhani ni mimi ninayetetemeka. Halafu honi ikalia, ile nene ya magari makubwa, na mtaa wetu ni wa kupita pikipiki. Nikachungulia. Lori zima na tela lake, mzigo juu umefunikwa turubai, limeziba njia kutoka duka la kona mpaka kwetu. Majirani wametoka nje wameshika viuno. Shemeji yangu aliruka chini hata injini hajazima.

"Yuko wapi mwanangu?" Sauti yake ilifika kabla yake. "Jamani, nimemuwahi? Niambieni, nimemuwahi?"

Bibi akatoka chumbani kwake akiuliza kuna nini, nani amekufa. Dada akanitazama. Bibi naye akanitazama. Kwa mazoea tu nikasimama, nikafunga kifungo cha juu cha shati, nikakohoa kusafisha koo.

Kipa akajifuta uso kwa mkono wa gauni, akainuka. Akanishika mabega kwa ile mikono yake ya kudakia mipira, akanikalisha kitandani.

"Kaa, mjomba," akasema. "Hii naongea mwenyewe."

Akaenda mlango wa mbele bila viatu. Mama yake alikuwa bado amekaa sakafuni, anangoja kujibiwa kuhusu kesho, na Kipa alishika kitasa bila kumjibu.